Udi Mlangoni kwa Panya wa Iftin

Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Mwalimu wa ngumbaru alisema tuandike kila siku, hata mistari miwili, mkono usisahau. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa kusoma. Kisomali changu ni cha kugombeza watu.

Leo sokoni mteja mmoja, mwanamume mzima na saa yake mkononi, ametumbukiza kidole kwenye mtungi wangu aonje maziwa. Nimekipiga hicho kidole. Mtungi nimeuosha alfajiri, nimeufukiza moshi ili maziwa ya ngamia yasiharibike, halafu yeye aniletee uchafu wa mfukoni mwake! Nimemmiminia kidogo kiganjani, kama watu. Akaonja, akanunua, akaenda amenuna. Anune.

Kisha Osob, anayeuza kando yangu: eti Qali, ni kweli mjukuu wako anafuga panya Nairobi? Soko zima likanigeukia. Nikamwambia panya wa Iftin wamesoma kuliko wanao wote. Watu wakacheka, na Osob mwenyewe akacheka. Lakini nimerudi nyumbani nimeudhika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwanangu Mahat amekuja baada ya swala. Ofisi moja ya kaunti inamtaka bintiye Iftin. Kiti, meza, feni juu ya kichwa. Wanataka jibu kufikia Jumatano.

Analalamika: msomi mzima anashinda na panya, tena anawapandikiza kansa makusudi. Mpaka msikitini anaulizwa. Hooyo, mama, akaniambia, nenda ukaone kwa macho yako. Ukisema arudi, atarudi.

Tukampigia Iftin. Akasema sawa, neno la ayeyo ndilo neno – ayeyo ni mimi, bibi yake. Sauti yake haikunipendeza, ilikuwa ndogo.

Mimi nishajua nitasema nini. Arudi. Chumba chake kipo. Na hina nani atanipaka vizuri kama yeye? Hawa wengine wanapaka kama wanaziba bati.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefika Nairobi. Baridi ya bure tu.

Jana nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwa wakwe. Nguo zote, shungi mpaka soksi, nimezitandaza juu ya chetezo, nikazifukiza uunsi – ule udi wetu wa sukari na ubani, ninaoupika mwenyewe. Huwezi kwenda kazini kwa mjukuu wako unanuka ngamia. Basi zima lilinukia. Dereva ameuliza kuna bibi harusi ndani? Nikamwambia yupo, endesha.

Iftin amekonda. Nimemletea nyirinyiri, nyama yetu ya kukaanga, amekula huku amesimama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijawahi kudharauliwa hivi.

Tumefika maabara. Mlango wa kwanza tumepita. Wa pili amesimama kijana mrefu wa Wajir, Mborana, jina lake Jatani. Yeye ndiye mchungaji wa panya – wallahi, kazi yake ni hiyo. Kanusa hewa. Akasema kwa adabu, mama, samahani, huingii.

Mimi?

Akaeleza kwamba panya hawa wamebadilishwa wangali mbegu, hawana kinga ya mwili hata chembe. Mafua tu yanawaua. Moshi wa udi na harufu kali vinawasumbua, na kazi ya miezi inaharibika. Nirudi kesho nimeoga kwa sabuni isiyonukia, nguo ziwe zimefuliwa hivyo hivyo.

Nikamuuliza kama mamake anajua anawaambia wazee wakaoge. Iftin ameziba uso kwa mikono yote miwili. Nimekaa nje kwenye benchi, na udi wangu, mpaka saa ya kutoka. Moyoni nikasema vizuri, jibu la Mahat limejiandika lenyewe.

Tulipofika kwake Iftin akasema tu: ayeyo, na yule mtu wa kidole umemfanya nini? Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, jana, tukicheka.

Nikamwambia nyamaza. Kisha nikamwambia aniletee hiyo sabuni.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeingia!

Nimeoga, nikaoga tena. Jatani kanivisha koti, kofia, barakoa na mifuko ya miguu. Nimefanana na mkate uliofungwa. Kanusa, akainamisha kichwa kama kwa mama mkwe: karibu, mama. Nikamwambia asikonde, na yeye mikono yake nimeikagua. Safi.

Panya wenyewe wana ngozi tupu ya pinki, masikio makubwa, hawana unyoya. Maskini, nani amewanyoa? Iftin kacheka, ndivyo wanavyozaliwa. Wanapandikizwa kansa ya mtu, na kwa kuwa mwili wao hauna askari, haiwezi kufukuzwa. Inakua, inaonekana inavyoishi.

Kansa ya nini, nikauliza. Ya koo, ayeyo. Kama ya ayeyo Leyla.

Leyla dada yangu. Mwishoni hata maziwa yangu hayakupita.

Akanionyesha kwenye skrini. Panya hawa wametengenezwa mishipa yao ya damu ing'ae kijani chini ya taa. Uvimbe mweusi katikati, na mishipa mipya inaujia kutoka kila upande, imepinda, imejazana. Nimeyaona hayo kwetu kando ya Tana: mtu mlafi anavyokata mifereji usiku, maji yote yaje shambani kwake. Iftin akasema hivyo hivyo. Uvimbe unaita damu ije. Yeye anajaribu dawa ya kuuzuia usiite.

Kisha panya mwingine, aliyepewa dawa. Uvimbe ule ule – na mifereji michache, mingine imekatika. Iftin kasema ni mapema, huenda si kitu. Kesho anampima tena, ndipo atajua. Alisema kwa sauti kubwa. Ile sauti ndogo ya kwenye simu haikuwepo.

Nimeutukana ule uvimbe mweusi kwenye skrini kwa Kisomali safi. Jatani kaelewa, kacheka mpaka barakoa imeshuka. Nimemgombeza aipandishe.

Jumatano, 15 Oktoba

Asubuhi. Nimejifunga taulo kichwani, naandika haraka. Nywele bado zina povu la ile sabuni isiyo na harufu. Haina utamu wowote, lakini imeisha nusu.

Simu inalia. Mahat. Ofisi inangoja jibu, na mwanangu ana haki yake ya kujibiwa.

Iftin yuko mlangoni, viatu mguuni. Anaangalia simu, ananiangalia, anasema ayeyo, tutachelewa, yule panya anapimwa saa tatu.

Nimemwambia apokee yeye. Amwambie babake mama yuko bafuni, anajisuuza, asingoje kwenye laini, wala ofisi isingoje. Na aniletee ndoo nyingine ya maji.