Tundu Jipya Kwenye Mshipi

Mama Ikhlas,

Nimekwenda hospitali, Thika. Maziwa yachemshwe kabla ya saa nne. Fundi wa bomba akija, asimamiwe. Akiachwa peke yake huongeza uvujaji.

Mandazi ya asubuhi sikuyadharau. Leo napigwa picha ya utumbo, na sharti uwe mtupu. Ningekueleza, ila ulikuwa umeuinua mshipi wangu, umeliona tundu jipya, ukasema mbele ya mtoto: “Baba Ikhlas, kula! Jirani Gathoni ameniuliza mara mbili kama ni ule ugonjwa.”

Si ukimwi. Nilipimwa, karatasi ya majibu imo ndani ya kamusi. Ni sukari, na tangu mwezi uliopita naona damu chooni. Daktari anasema kitambi na sukari huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Nilimpinga, nikamwambia wapo wanene waliofika miaka tisini. Akakubali, kisha akaniandikia tarehe ya picha.

Kwa hiyo ninakonda kwa makusudi. Nikinenepa, daktari ananionya. Nikikonda, mtaa mzima wa Kimbo unanizika, nawe unaniongezea sahani. Sioni pa kutokea.

~~Usimwambie Gathoni lolote.~~ Mwambie ni utumbo, aache kukisia.

~~Nitarudi saa nane.~~ Njoo Thika saa nane. Majibu yanatolewa leo leo, na sitaki kuyasikia peke yangu.

Baba Ikhlas