Nianze Kurisiti Julai au Nisubiri Januari?

Jumanne, Julai. Dodoma.

Upepo wa leo hauna adabu. Tangu alfajiri unapiga mabati ya jirani na kumwaga vumbi hadi kwenye vyombo nilivyoviosha jana, na baridi imenifanya nivae soksi ndani ya nyumba. Nina zamu ya mchana, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika. Baba anaota jua uani. Hawa bado amelala.

Nina wivu.

Nimeona niandike neno lenyewe, maana wiki nzima nimekuwa nikiliita uchovu.

Hawa ni mdogo wangu. Kwetu ni Chemba, ambako wazazi wetu wanalima ufuta na kufuga mbuzi. Wote wawili tulisoma sayansi, wote wawili tulitaka udaktari. Mimi nilitangulia, na mtihani wa kidato cha sita ukanikwamisha kwenye Fizikia. Baiolojia nilifaulu vizuri, Kemia nilifaulu, Fizikia ikaniangusha na chuo cha udaktari hakikunichukua. Nikasoma stashahada ya maabara, nikaajiriwa kwenye kituo cha afya hapa mjini, nikapanga vyumba viwili Nkuhungu. Nikajiambia nitarisiti ile Fizikia, niurudie mtihani kama wanavyofanya wengine, kisha niombe udaktari.

Nitarisiti mwakani. Nitaanza kozi Januari.

Januari hizo zimekuja na kuondoka. Moja nilikuwa mgeni kazini, niliogopa kuomba ruhusa ya kutoka mapema. Nyingine mama alikuwa mgonjwa. Nyingine haikuwa na sababu yoyote, ilipita tu. Katikati ya hizo Januari, Hawa alimaliza kidato cha sita, akafaulu kila kitu, na sasa amemaliza mwaka wa tatu wa udaktari. Wameshaanza kuingia wodini. Yuko likizo, amefikia kwangu, analala chumba kimoja na mimi, na koti lake jeupe linaning'inia kwenye msumari mmoja na koti langu jeupe la maabara.

Koti langu nimelivaa kila siku kwa miaka. Hakuna aliyewahi kuliita la daktari.

Baba naye alikuja wiki iliyopita kupimwa, kwa sababu miguu yake imekuwa ikiwaka moto usiku. Nilimpeleka kazini kwangu. Nilimtoa damu mimi mwenyewe, nikampima sukari na figo, jioni nikaketi naye hapa nyumbani na kumweleza vizuri kabisa: sukari imepanda, figo ziko salama, kesho tutamwona daktari wa kituo aanze dawa. Baba akatikisa kichwa kwa upole.

"Ahsante mwanangu," akasema. "Basi tumsubiri Hawa aje atuambie."

Hawa alikuwa ametoka kununua mboga. Aliporudi alisoma majibu, akamwambia: sukari imepanda, figo ziko salama, kesho aanze dawa. Maneno yangu yale yale. Baba akashika kifua, akasema alhamdulillah. Kisha akaanza kumsifu kwa Kisandawe. Baba anapofurahi hasa huacha Kiswahili na kurudi kwenye lugha yake ya nyumbani, ile yenye milio ya ulimi ambayo majirani zangu hapa wakiisikia hugeuka. Nilisimama jikoni nikikoroga mlenda na kusikiliza sifa ambazo sijawahi kuzisikia zikielekezwa kwangu. Nilikoroga mpaka mlenda ukawa maji.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba safari hii naenda kuuliza kuhusu kozi. Sijui kama niliamua kwa ajili ya udaktari au kwa ajili ya ugali nilioshindwa kuumeza jioni ile.

Jumamosi nilikwenda Majengo. Kituo cha wanaorisiti kiko ghorofani nyuma ya soko, chini yake wanauza nafaka, kwa hiyo ukipanda ngazi unapanda na harufu ya alizeti na magunia mapya. Mkuu wa kituo ni mzee anayeitwa Mwalimu Malogo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za sokoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kiti. Nikamweleza shida yangu.

"Kuna darasa la jioni linaanza Jumatatu hii," akasema. "Na kuna la Januari. La Jumatatu linakwenda taratibu mpaka mtihani wa Mei. La Januari ni mbio. Fizikia umeiacha muda gani?"

"Muda mrefu, mwalimu."

Akacheka, si kwa dharau. "Basi Januari itakuua."

Hata hivyo nilianza kumpa sababu zangu. Mwezi huu baba yuko kwangu. Zamu zangu hazijapangwa vizuri. Labda nijisomee kidogo kwanza, nisije darasani nikiwa mtupu kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo la kunishawishi.

"Dada yangu, mwaka huu usikose. Fizikia nimempata binti mmoja hatari, mwanafunzi wa udaktari, yuko likizo. Atafundisha mpaka chuo kifunguliwe. Alikuja kufanya majaribio wiki jana, wanafunzi hawakutaka aondoke. Anaitwa Hawa. Nadhani ni mtu wa huko Chemba."

Nilimwambia nitafikiria. Nikashuka ngazi nikiwa sioni vizuri ninapokanyaga.

Nilimkuta Hawa uani akifua. Alikuwa anachovya koti lake kwenye maji ya bluu.

"Unafundisha Majengo?" nikamuuliza. Hata salamu sikutoa.

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. "Nani kakwambia, dada?"

"Mwalimu Malogo. Natoka kwake sasa hivi."

"Umeenda kujiandikisha?"

Nilitegemea afurahi. Miaka yote amekuwa akiniambia dada nenda, dada rudia, wewe una akili kuliko mimi. Lakini uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Nilienda kuuliza," nikasema.

Alikamua koti, akalitundika, akainyoosha mikono yote miwili ya koti pole pole. Kisha akasema bila kunitazama, "Si ungesubiri tu ile ya Januari?"

Ile Januari ni yangu. Nimeisema mwenyewe kila mwaka, kwa mama, kwa wenzangu kazini, kwake yeye. Sikujua inavyosikika mpaka aliponiambia mtu mwingine.

"Kwa nini nisubiri?"

"Januari nitakuwa nimerudi chuo. Atafundisha mwalimu mwingine." Akavuta ukosi wa koti ukae sawa. "Dada, siwezi kusimama mbele yako nikakufundisha. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma. Nitakuwa kama nakuvunjia heshima. Nikikuona pale nitasahau hata nilichokwenda kusema."

Sasa ninapoandika, naona yalikuwa maneno ya mtoto aliyelelewa vizuri. Jumamosi sikuyasikia hivyo. Nilisikia kitu kimoja tu: hataki nifike. Anataka abaki daktari peke yake ndani ya nyumba hii. Najua ni ubaya kumfikiria hivyo mdogo wangu wa tumbo moja. Nilimfikiria hivyo, na nilifikiria kwa nguvu zangu zote.

Nikatoa simu mbele yake, nikampigia Mwalimu Malogo. "Mwalimu, niandike. Jumatatu nipo."

Hawa akachukua beseni akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda mrefu kuliko maji yale yalivyohitaji.

Jumapili nilijuta. Hasira ilikuwa imepoa na kilichobaki kilikuwa hofu. Nilipiga hesabu zile ambazo huwa nazikwepa. Nikianza sasa na nikafaulu Mei, nitaingia mwaka wa kwanza yeye akiwa mwaka wa mwisho. Mimi nikiwa napasua chura, yeye atakuwa anaitwa wodini kuokoa watu. Kila nitakapofika, nitakuta ameshaondoka hapo. Nikashika simu nimwambie Mwalimu Malogo nimeghairi, kisha nikaona Hawa ananitazama kupitia mlangoni. Nikajifanya natafuta muziki.

Jana jioni nilitoka kazini moja kwa moja mpaka Majengo. Sikumsubiri tuongozane. Darasani nilikuta vijana waliomaliza shule juzi tu, na nesi mmoja mtu mzima ambaye bado alikuwa na sare yake. Nilikwenda kukaa naye. Tulipeana mikono kama watu waliokutana polisi.

Hawa akaingia. Alikuwa amefunga mtandio wake wa kijani na ameshika chaki. Aliniona mara moja, nikajua kwa jinsi alivyogeuka haraka kwenye ubao. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni. Nilifurahi kidogo. Ndiyo, nilifurahi, hii ni shajara yangu na sitadanganya humu.

Kisha ikatulia.

Alifundisha kuhusu kitu kinachorushwa juu. Alikuwa anauliza maswali mstari kwa mstari, kila mtu kwa zamu. Akamuuliza kijana wa mbele, akamuuliza aliyefuata, akamuuliza nesi niliyekaa naye. Mimi akaniruka. Mzunguko wa pili akaniruka tena. Nikaona vijana wawili wanatazamana. Nilitamani aniulize nikose mbele ya wote kuliko kurukwa vile, kama mgonjwa asiyepaswa kusumbuliwa.

Akasema jiwe likifika juu kabisa mwendo wake unakuwa sifuri, lakini dunia bado inalivuta kwa nguvu ile ile. Wote wakaandika. Mimi sikuandika. Hiyo ndiyo sentensi iliyonishinda shuleni. Niliikariri, nikaiandika kwenye mtihani, na sikuwahi kuielewa hata siku moja.

Nikanyoosha mkono.

Aliuona, na kwa sekunde chache hakujua afanye nini. Darasa zima likageuka. Nilikuwa na njia mbili za kumwita, na jina lake nimeliita tangu siku aliyozaliwa.

"Mwalimu," nikasema, "sijaelewa. Kama limesimama, linavutwaje?"

Nesi akanong'ona, "Afadhali umeuliza."

Hawa hakurudia sentensi. Alirusha chaki juu, akaidaka. Akairusha tena. "Itazame pale juu kabisa," akasema. "Inakaa?"

"Haikai," nikajibu.

"Ingekuwa pale juu haivutwi, na mwendo umekwisha, ingefanya nini?"

Nikafikiria. Chini sokoni mtu alikuwa anagombana na mwenye mkokoteni.

"Ingebaki pale pale," nikasema. "Isingeshuka."

"Basi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akanitazama machoni. "Ndiyo maana inashuka."

Nilielewa. Miaka yote ile niliyojiona mjinga wa Fizikia, kumbe nilihitaji mtu wa kunirushia chaki. Na furaha ya kuelewa haikukaa hata dakika moja kabla wivu haujarudi. Nilikuja nikitumaini atakuwa mwalimu mbovu, na ni mzuri. Ni mzuri kuliko wote walionifundisha.

Tulirudi pamoja, tukitembea, kwa sababu hakuna kati yetu aliyependekeza bajaji. Tulipokuwa tumefika mbali, Hawa ndiye aliyeanza.

"Ulivyonyoosha mkono nilijua unataka kuniumbua."

"Na mimi nilijua unaniruka kwa dharau."

"Nilikuwa naogopa, dada. Ungekosa mbele ya wale watoto, ningelia."

"Alhamisi niulize kama wengine."

"Nitakuuliza."

"Na nikikosa usilie."

Akacheka, nami nikacheka, ingawa kicheko changu kilikuwa kifupi. Natamani niandike kwamba tuliposhikana mikono kila kitu kiliisha. Hatukushikana mikono, na hakikuisha. Tulipofungua mlango baba alimwambia Hawa, "Daktari, karibu, pole na kazi," kisha akaniuliza mimi tunakula nini. Nikaingia jikoni. Nikasikia ile milio ya ulimi imeanza tena, na wivu ukaniwaka vile vile kama wiki iliyopita.

Ila safari hii sikuunguza wala sikuharibu kitu. Nilipika, tukala.

Nimekuwa nikijidanganya kwamba kuna wakati mzuri unakuja, nitakapokuwa na nafasi, na moyo umetulia, na sioni uchungu nikimwona mtu aliyenipita. Ningeusubiri wakati huo mpaka nistaafu. Nimeanza nikiwa na moyo huu mbaya, ndio nilio nao.

Kabla ya kulala Hawa aliniachia maswali ya Fizikia mezani, niyajibu kabla ya Alhamisi. Mawili yamenitoa jasho, mengine nimeyapata. Nitayapitia tena leo nikitoka kazini, na kesho tena. Nataka kuyapata yote. Si kwa sababu nampenda mdogo wangu, ingawa nampenda.

Nataka akae na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia mkononi, akose pa kuiweka.