Gari Lililopakiwa Mawe

UMOJA WA WENYE GARI, NCHELENGE

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 1956, uani kwa Mwenyekiti, kando ya gari.

WALIOKUWEPO
Bw. Rodwell Kapembwa – Mwenyekiti. Mwenye nyavu na mitumbwi
Mama Chola Mwewa – Makamu. Mkaushaji na muuzaji wa samaki
Bw. Sampa Kasonde – Dereva
Bw. Patson Kalaba – Mjumbe, mvuvi
Papa Ngoie – Mjumbe. Mfanyabiashara kutoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, si ile ya pwani
Misheck Mukuka – Katibu

ASIYEKUWEPO
Bi. Febby Kalaba, mke wa Bw. Patson. Udhuru: yuko katika uchungu wa kuzaa, nyumba ya tatu kutoka hapa.

Kumbukumbu zimeandikwa kwa Kiswahili, kama kawaida, kwa kuwa Papa Ngoie hasomi Kibemba na wajumbe wengine hawasomi Kifaransa.

KUMB. NA. 1/56: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu asubuhi akiwa ndani ya gari, kiti cha mbele, mlango ukiwa wazi. Mama Chola aliuliza kama kikao kingefanyika ndani au nje. Mwenyekiti alijibu kwamba yeye yuko ndani, wajumbe wako nje, na sauti yake inafika.

Mwenyekiti aliomba isaliwe sala fupi kwa ajili ya gari na kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, itakayofanyika kesho huko Chienge. Mama Chola alisali. Alimwombea Febby, na mtoto, na mkunga. Gari na harusi havikutajwa. Wote waliitikia Amina, isipokuwa Mwenyekiti, aliyekuwa akifuta kioo.

KUMB. NA. 2/56: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Katibu alisoma kumbukumbu. Mwenyekiti alipinga sentensi isemayo, "Gari lilikwama mchangani kabla ya kijiji cha Kafutuma, likavutwa na wavuvi kwa kamba ya wavu hadi nyumbani." Alitaka iandikwe kwamba gari lilipumzika.

Bw. Patson alisema kwamba yeye alikuwa mmoja wa waliovuta, na kwamba hakuona dalili ya mapumziko kwa upande wake. Papa Ngoie alisema, "Président, batu kumi na kamba, na wimbo wa kuvuta wavu, ile si kupumzika. Ile ni kuvua motoka."

Wajumbe walicheka. Sentensi ilibaki kama ilivyoandikwa.

KUMB. NA. 3/56: TAARIFA YA KULIREKEBISHA GARI
Mwenyekiti alieleza kwamba gari hili ni la kisasa, la familia, lenye milango minne, na kwamba familia tano zilizolinunua zilimkabidhi yeye kazi ya kulirekebisha mpaka liwe bora zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Alieleza kwamba kazi hiyo si ya kila mtu. Yeye alikaa Elisabethville msimu mzima, jirani na gereji, na alisikiliza injini nyingi.

Alitaja yaliyofanyika hadi sasa:

Kwanza, alifungua kile chombo cha eksozi kinachozuia kelele, kwa sababu injini ilikuwa haipumui. Mama Chola alithibitisha kwamba sasa inapumua, na kwamba kuku wake hawatagi.

Pili, kila asubuhi anageuza skrubu ya kabureta kidogo upande wa kulia, na jioni kidogo upande wa kushoto, ili injini isizoee uvivu. Bw. Patson aliuliza kama hapo skrubu hairudi ilipokuwa. Mwenyekiti alihamia jambo la tatu.

Tatu, springi zote zimepakwa mafuta ya kambale. Dereva alieleza kwamba mafuta hayo ni laini sana na springi hazilii tena. Alipoulizwa kuhusu mbwa, alikubali kwamba mbwa wa kila kijiji hulifuata gari, na kwamba likisimama hujipenyeza kwenye magurudumu ya nyuma na kulamba.

Nne, na ndiyo kazi kubwa, Mwenyekiti aliondoa vyuma viwili katika kila springi ya nyuma, kisha akapakia mawe ya ziwani kwenye buti. Alieleza sababu kwa kirefu. Alisema kwamba amejenga mitumbwi tangu ujana wake, na kwamba chombo chepesi kinachokaa juu hupinduka, lakini chombo chenye mawe tumboni kinakaa chini na kutulia. Gari lilipoletwa lilikuwa likikaa juu mno, kama mtumbwi mtupu. Sasa limetulia.

Papa Ngoie aliomba nafasi ya kusema. Alisema, "Président, miye nakuheshimu. Mais, hii motoka itapinduka wapi? Ndani ya maji gani? Barabara iko na mawimbi?"

Mwenyekiti alijibu kwamba watu wa ng'ambo hawajui vyombo. Papa Ngoie alijibu kwamba watu wa ng'ambo ndio waliowauzia gari. Mwenyekiti aliwataka wajumbe waendelee.

Dereva aliulizwa kama gari, likiwa limetulia hivyo, limewahi kufika popote. Alijibu kwamba limefika kila mahali pasipokuwa na mchanga katikati ya njia. Aliombwa ataje mahali pamoja. Alitaja ua huu.

KUMB. NA. 4/56: OMBI LA BW. PATSON
Bw. Patson alisimama akaeleza kwamba mke wake ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Mkunga amempapasa na kusema mtoto amelala upande, kama mtu aliyejinyoosha kwenye mkeka, na kwamba hatageuka. Mkunga amekataa kuendelea peke yake. Amesema Febby afikishwe hospitali ya misheni, huko bara, leo hii. La sivyo watazikwa wawili. Bw. Patson aliomba gari.

Alisema pia, na aliomba iandikwe, kwamba yeye ni mmoja wa wenye gari, na kwamba hajawahi kulipanda, ila amelivuta.

Mwenyekiti alitoa pole. Kisha alieleza kwamba gari limekwisha kupangiwa harusi ya kesho, kwamba vitambaa vya viti ni vipya, na kwamba marekebisho hayajakamilika. Alishauri baiskeli.

Mama Chola alisema maneno yafuatayo, ambayo Mwenyekiti aliomba yasiandikwe na Makamu akaagiza yaandikwe: "Mayo we! Ba Kapembwa, mwanamke akae kwenye keria ya baiskeli na mutoto amekingama tumboni, ili matako ya bibi harusi yapate kitambaa kipya?"

Kutoka nyumba ya tatu sauti ya Febby ilisikika. Bw. Patson aliondoka, akarudi.

KUMB. NA. 5/56: DESTURI YA CHOMBO KIPYA
Mwenyekiti alisema kwamba hata kama angetaka, hawezi. Alieleza kwamba katika mitumbwi ya baba yake, na katika yake, chombo kipya hakipandwi na mwanamke mwenye mimba mpaka kilete samaki na samaki hao wauzwe. Anayevunja desturi hiyo hukiharibu chombo, na tumbo pia. Gari hili halijaleta samaki hata mmoja. Lilitumwa Kafutuma kuwachukua, likakwama. (Mwenyekiti alisema: likapumzika.)

Bw. Patson alisema, "Tata, hili ni gari." Mwenyekiti alijibu kwamba ni chombo, na kwamba kikao chenyewe kimekubali liwekewe mawe kama chombo. Papa Ngoie alisema hakukubali. Dereva alisema yeye alikubali.

Mama Chola aliomba Katibu aisome desturi hiyo kama ilivyoandikwa. Katibu alisoma: "mpaka kilete samaki na samaki hao wauzwe." Mama Chola alimwuliza Mwenyekiti kama hayo ndiyo maneno yake, yote, bila kupungua. Mwenyekiti alisema ndiyo, na kwamba anafurahi kuona Makamu ameanza kuheshimu mambo ya wakubwa.

Mama Chola aliomba ruhusa ya kutoka. Alirudi na kikapu cha chisense, wale dagaa wa hapa ziwani, waliokauka jana. Alifungua mlango wa nyuma, akakiweka kikapu juu ya kiti kipya, akamwambia Dereva apeleke gari hadi langoni. Dereva alimtazama Mwenyekiti. Mama Chola alimwambia, "Sampa, usimwangalie yeye. Niangalie mimi. Nani anakulisha samaki kila Jumapili?"

Dereva aliwasha injini. Kwa sababu ya kelele, sehemu hii ya majadiliano haikusikika. Mwenyekiti alionekana akisema jambo kwa nguvu. Gari lilikwenda hadi langoni naye akiwa ndani, likazimwa. Mbwa wanne walijipenyeza kwenye magurudumu ya nyuma.

Papa Ngoie alifika langoni, akanusa kikapu, akasema bei ni mbaya. Walipatana kwa sigara mbili. Papa Ngoie alikitoa kikapu, akamkabidhi Makamu sigara mbele ya wajumbe wote, akasema, "Voilà. Motoka imeleta samaki. Samaki imeuzwa. Miye ndiye mununuzi, na nimeibiwa."

Makamu aliuliza kama kuna mjumbe asiyeona kwamba desturi imetimizwa. Mwenyekiti alisema kwamba samaki walitoka uani na hawakwenda mbali. Makamu alijibu kwamba desturi iliyosomwa haikutaja umbali, na kwamba tangu marekebisho yaanze hakuna safari ndefu zaidi ya hiyo ambayo gari limeimaliza bila kamba.

ILIAMULIWA kwamba gari limeleta samaki. Waliokubali: watatu. Aliyekataa: Mwenyekiti. Dereva alisema anakubaliana na pande zote.

KUMB. NA. 6/56: KUPUNGUZA MZIGO
Dereva alitoa tahadhari ya kweli, na Katibu anaiandika kwa heshima kwa kuwa ilikuwa ya kwanza. Alisema kwamba tuta la mchanga lililo katikati ya njia ya hospitali litalikamata tumbo la gari kabla ya Kafutuma, kama siku ile, na kwamba kukwama na mgonjwa si sawa na kukwama bila mgonjwa.

Bw. Patson alifungua buti akaanza kutupa mawe nje. Mwenyekiti alimwonya kwamba gari litayumba. Bw. Patson hakuacha. Alipotupa jiwe la mwisho, gari liliinuka kidogo kwa nyuma. Dereva aliingiza mkono chini ya gari, haukupita. Aliuliza nini kingine kinaweza kutolewa.

Wajumbe walitazama kiti cha mbele.

Mwenyekiti alieleza kwamba mwenye chombo hukaa mbele katika safari ya kwanza, na kwamba hiyo nayo ni desturi. Papa Ngoie alisema kwa upole, "Papa Rodwell, shuka kidogo tu. Tuone."

Mwenyekiti alishuka. Gari liliinuka. Dereva aliingiza mkono chini. Ukapita, na ngumi pia. Mwenyekiti aliombwa apande tena ili kuthibitisha. Alipanda, mkono haukupita. Alishuka, ukapita. Mama Chola aliomba irudiwe. Mwenyekiti alikataa.

ILIAMULIWA kwamba Febby alazwe kiti cha nyuma pamoja na mkunga, ambaye ni mwembamba. Kwamba Dereva aendeshe. Na kwamba mawe na Mwenyekiti wabaki nje.

Dereva aliongeza kwamba mahali pabaya zaidi, kabla ya Kafutuma, tuta lazima lilimwe kwanza. Makamu aliuliza nani mwenye nguvu, asiye na kazi, na mwenye kuujua vizuri mchanga ule. Bw. Patson alimpa Mwenyekiti baiskeli yake. Mama Chola aliifungia jembe kwenye keria.

Mwenyekiti alisimama ameishika baiskeli. Sauti ya Febby ilisikika tena, safari hii ikiwa chini kuliko mara ya kwanza. Mwenyekiti alivua koti lake, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha nyuma mahali pa kichwa, akapanda baiskeli.

KUMB. NA. 7/56: KUFUNGA
Kikao hakikufungwa na mtu. Kiliondoka saa nne na nusu, Mwenyekiti mbele kwa baiskeli, gari nyuma yake, mbwa nyuma ya gari, na Bw. Patson nyuma ya mbwa, akikimbia.

KUMB. NA. 8/56: TAARIFA YA SAFARI (imeongezwa Jumatatu kwa agizo la Makamu)
Dereva alitoa taarifa kwamba kelele za injini zilisikika mbali sana, hata watu wa vijiji vya njiani walitoka kutazama. Walimkuta Mwenyekiti akilima barabara. Wa kwanza walimcheka. Walipoona nani yuko ndani ya gari, walikwenda kuchukua majembe yao. Tuta lililimwa hadi upande wa pili wa Kafutuma. Gari halikupumzika.

Febby alifika hospitali akiwa hai. Mtoto alitolewa kwa kisu jioni ile: msichana. Wote wawili wazima. Vitambaa vya viti haviwezi kufuliwa vikatakata. Bibi harusi wa Chienge alikwenda kanisani kwa mguu, na inasemekana ndoa ni halali.

Mwenyekiti alitaka sababu tatu za mafanikio ziandikwe: kelele za eksozi, kazi yake ya jembe, na desturi. Kikao kilikubali ya pili.

Mwenyekiti alitaka pia neno "akilima" libadilishwe liwe "akikagua barabara." Katibu alisubiri uamuzi. Bw. Patson alisema, "Liacheni, tafadhali. Mtoto ataambiwa hivyo hivyo: babu yako Kapembwa alilima." Mwenyekiti aliuliza kama kweli aliitwa babu. Aliambiwa kweli. Hakuomba tena neno libadilishwe.

Vyuma vya springi vilirudishwa mahali pake alasiri. Mawe yalirudishwa ziwani. Mwenyekiti alikagua kazi yote akiwa amesimama nje.

Sahihi:

R. Kapembwa, Mwenyekiti
(ametia sahihi kwa mkono wa kushoto, wa kulia una malengelenge)

M. Mukuka, Katibu
Nchelenge, 15 Oktoba 1956