Bana-kondoo wa dokta

Jumatano

Na mimi nilitaka kujua tu kama mtoto atapumua. Aline, binti yangu, ana mimba, na picha ya leo imeonyesha tundu chini ya kifua cha mtoto. Matumbo yake yamepanda, yanabana mapafu.

Dokta akasema kumpasua mtoto akiwa bado tumboni, ili kuziba tundu hilo, kulijaribiwa kwanza kwa kondoo wenye mimba.

"Na hao bana-kondoo, watoto wao waliopasuliwa tumboni, walipona?"

"Bengine ndiyo, Maman."

Bengine!

Aline akacheka. "Maman analilia kondoo!" Mjinga wangu huyu. Kwani ninamlilia nani?

Ngozi ya kondoo ya kumbebea mjukuu mgongoni nilishailainisha kwa siagi. Leo nimeogopa kuigusa.

Mungu, mupatie pumzi ya kwanza tu. Zingine nitazigombania mimi.