Mto wa Kulalia Tuliokupa

Mkuu wangu Rusaka,

Miaka yote niliyokuwa makamu wako pale shuleni Kitahana sikuwahi kukuita jina tupu, na kwa umri huu sitaanza. Nakuandikia nikiwa Kasulu, kwa mwanangu. Madaktari wa hospitali ya Kabanga wameniruhusu nirudi nyumbani, na nimeelewa kwa nini wameniruhusu. Mwandiko si ule uliouzoea. Utanivumilia.

Shule yetu sasa ina uzio na umeme. Ofisi ya walimu ni ileile, na meza ndefu ni ileile tuliyokuwa tukikaa Jumatatu baada ya chai. Ulikuwa unafungua kikao, unataja jambo, kisha kidevu kinashuka kifuani. Walimu wanakonyezana. Wakakubatiza Mzee Usingizi.

Unaikumbuka siku ya palizi? Wanafunzi walikuwa wanatoroka kwenda mashambani, na Mushi wa hesabu akataka wafukuzwe. Walimu wenyeji, wale waliokaa upande wa mlangoni, wakanuna, maana watoto wale walikuwa wa ndugu zao. Zuhura, mgeni kutoka Tanga, ambaye alikuwa hajawahi kufungua mdomo kikaoni, akaanza, "Kwani hatuwezi..." Mushi akamkatiza. Hapo ukakoroma. Mkoromo mmoja, mrefu, kama trekta inayokataa kuwaka. Tukacheka wote, Mushi naye akacheka, na kicheko kilipokwisha Zuhura akapata nafasi ya kumalizia: masomo magumu yawekwe asubuhi, watoto waachiwe mchana mpaka palizi iishe. Wenyeji wakaongezea neno lao. Mushi akaishia kupanga ratiba kwa mkono wake mwenyewe, akiitetea kama mtoto wake wa kumzaa. Madarasa yakajaa.

Mimi nilikuwa nimeangusha kalamu, nimeinama kuiokota. Nikaona kidole gumba cha mguu wako kinacheza ndani ya makubazi.

Baadaye ofisini kwako hukuona haya. "Nikiwatazama, wananijibu mimi. Nikilala, wanajibizana wenyewe. Usiwaambie, makamu." Nikaahidi.

Ahadi ile niliitunza kupita kiasi, Mkuu. Siku ya kukuaga ulipostaafu, walimu walikununulia mto wa kulalia, umetariziwa maua. Ukumbi ukacheka mpaka machozi. Ukacheka nao. Mkeo, Mama Jeni, hakucheka. Kisha mgeni rasmi akasema kila mtu anajua shule hii iliendeshwa na makamu, mzee akiwa amelala. Ulinitazama. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu, na baada ya muda nikapewa kiti chako.

Kiti kilinikataa. Kila kikao nilianza, "Mimi naona..." nao wakajibu, "Sawa, Mkuu." Nilifurahia utii ule muhula mzima kabla sijagundua kwamba hakuna aliyetekeleza lolote. Mpango ulikuwa wangu, wakaniachia mwenyewe. Waliotoka mikoa mingine wakahamia dirishani, wenyeji wakabaki mlangoni, hata chai wakawa wanakunywa mafungu mawili. Zuhura akaomba uhamisho. Matokeo ya mitihani yakashuka, nikawalaumu wao.

Nikajaribu kulala kama wewe. Walikaa kimya wakisubiri niamke.

Wewe ulikubali kuchekwa, Mkuu. Mimi sikuweza.

Tulipokuzika, msemaji wa walimu alisema leo mzee amelala kweli. Watu wakatabasamu. Binti yako Jeni akajifunika kitenge usoni. Nilikuwa safu ya mbele, nilipaswa kusimama nikanushe, nikajiambia magoti hayawezi kunisimamisha. Dakika chache baadaye yalinifikisha kaburini kutupa udongo.

Jana nilimwita Jeni nikamweleza yote. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Halafu akauliza, "Na ule wa kanisani, siku ya harusi yangu?"

Nikamwambia huo ulikuwa usingizi wa kweli.

Akacheka, akacheka, kisha akalia. "Baba mdogo," akasema, "nimeona aibu kwa ajili yake tangu nikiwa msichana. Mbona umechelewa hivi?"

Jumamosi tunamaliza msiba, nyumbani kwako Kibondo. Mushi atakuja. Zuhura ameshapanda basi kutoka Tanga. Mwanangu amesema atanibeba ikibidi, na nisipofika, Jeni atayasema yote, nimemkabidhi. Lakini nakuahidi nitajikaza nifike. Ulinifundisha kwamba mkubwa asiwe wa kwanza kusema. Jumamosi niwie radhi, nitasema wa kwanza, kabla yeyote hajafungua mdomo kukutania. Nitawaambia ulikuwa macho.

Kisha nitawaachia wao. Watabishana, nawajua. Mushi ataapa kwamba alishahisi, Zuhura atamwambia aache uongo. Nami nitaegemea kiti na kufumba macho, niwasikilize.

Kwaheri, Mkuu.

Makamu wako