Kikohozi cha Baba

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo kidogo, uwanja mkavu.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu za Mama, ambaye amekaa hapa pembeni kuhakikisha simsahau. Hujambo huko? Goti lako limepona, au bado linakutabiria mvua? Sisi tu wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi, ila ulimi wake haujapata ugonjwa wowote.

Uliniuliza habari za Shaba, yule farasi jike ambaye Baba, Mungu amrehemu, alimwacha katikati ya mafunzo. Nusura tumkose. Bibi Kofia, mwenye shule ya wapanda farasi, alisema Shaba atabaki kwa ajili ya wanafunzi iwapo tu atasimama kwa mpandaji yeyote. La sivyo, angepelekwa kuvuta mkokoteni wa matofali.

Nilianza kama Baba alivyotuanza mimi na wewe. Kamba ndefu kwanza, azunguke uwanja bila mtu mgongoni. Kisha lile tandiko la Kiingereza, dogo na bapa, ambalo siku ya kwanza ulililia ukisema halina pa kushika. Unakumbuka karatasi aliyotubania kati ya goti na tandiko, ikidondoka unaanza upya? Chumba cha matandiko bado kinanukia sabuni ya ngozi. Koti lake liko palepale kwenye msumari.

Shaba alitembea vizuri. Hata mchakamchaka aliuweza, nami nikiinuka na kukaa kwa mapigo yake. Kusimama ndiko kulikotushinda. Nikikaza mgongo na kufunga vidole kwenye hatamu, yeye huyoo, kama mgeni aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Dada, huyu ana mdomo wa jiwe," Bibi Kofia akaniambia.

"Kwa Baba alikuwa anasimama."

"Basi alikuwa anamsimamia kwa mapenzi."

Halafu akaja daktari wa mifugo kumtazama meno. Shaba alikuwa anazunguka kwa kamba, vumbi la nyasi likampanda daktari, akakohoa. Shaba akasimama hapo hapo, miguu minne sawasawa, sikio limegeuka. Tulicheka, kisha nikalitazama tena lile sikio. Unakumbuka vumbi la banda lilivyomkaa Baba kifuani? Kabla ya kuvuta hatamu alisafisha koo, khe-khe, bila yeye mwenyewe kujua. Hata sisi, tukiisikia nje ya mlango, ugomvi ulikwisha. Shaba hakuwahi kujifunza hatamu. Alijifunza kifua cha Baba.

Kesho yake nilimkoholea Shaba kama Baba. Akasimama. Mama akatokeza dirishani, kijiko mkononi.

"Wewe, usikohoe hivyo. Nimeshaweka kikombe chake mezani."

Lakini huwezi kumfundisha kila mwanafunzi kikohozi cha baba yetu. Ikabidi nimwachishe kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Nakaza mgongo, nafunga vidole, ndipo nakohoa. Na kila asubuhi nikakishusha kidogo, mpaka kikabaki pumzi tu. Kazi ilikwenda vizuri, na moyo wangu haukuipenda. Vikombe mezani viliendelea kuwa vitatu, cha Baba kimo.

Jana Bibi Kofia alimpanda mwenyewe. Nilisimama kwenye uzio, kiganja mdomoni. Akafunga vidole. Shaba akasimama kama meza.

"Huyu abaki," akasema.

Nilishukuru, nikaenda kukaa kidogo chini ya lile koti.

Niliporudi ndani, mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Leo hamkufanya mazoezi?" Mama akauliza. "Sijasikia kitu."

Nikamwambia tumemaliza. Akasema haya, akafuta meza mahali pasipo na uchafu.

Leo asubuhi nilipita bandani na ndoo ya maji, nikakohoa, kwa makusudi. Shaba alikuwa amesimama tayari, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Lakini sikio liligeuka. Ukija, umkoholee na wewe. Wewe ndiye uliyemwiga Baba vizuri kuliko sote.

Nisalimie wifi yangu na wanao wote, hasa yule mwenye masikio ya babu yake. Shangazi naye anakusalimu, na anauliza kwa nini huandiki. Mungu awatunze hapo mlipo, na awarudishe nyumbani mkiwa na afya.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.

Saa nne kasorobo usiku; sasa nalala.