Ile "Sawa" Niliyokuambia kwenye Simu

Ujerumani,
Jumanne asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijauliza habari za nyumba wala za chai, nauliza pumzi yako. Unaweza kulala chali sasa, au bado unalala umeketi? Ule uvimbe wa shingoni umetulia, au unakukaba ukipanda kutoka mtoni? Mimi mwili ni mzima, kazi ya kufua mashuka ya hospitali inaendelea, na baridi ya huku nimeizoea. Lakini moyo wangu si mzima hata kidogo. Nina hofu, Mama, na hofu yenyewe nimeitengeneza kwa mdomo wangu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu Moraa mdogo wangu ananiambia kila akikusomea ujumbe wangu unamjibu, "Hayo umeyatunga wewe. Mimi nilimsikia dada yako kwa masikio yangu." Basi huu ni mwandiko wangu, unaujua tangu darasa la pili, ile "k" yangu iliyopinda mguu. Barua anakuletea Kerubo wa Kiogoro, tunayefanya kazi naye. Anasafiri Alhamisi, na nimemwapisha asiende kwao kabla hajafika hapo kwetu Itumbe.

Mama, siku ile uliponipigia simu, sikusikia kitu.

Ngoja nikueleze. Tangu wanipasue na kuniwekea kifaa cha kusikia kichwani, kuna mama wa hospitalini anayekirekebisha na kunifundisha kusikia upya. Ana kwa ana, kwenye chumba kimya, naelewa mengi. Simu ndiyo ngumu kuliko yote. Kwanza siiweki kwenye tundu la sikio kama wewe. Naishikilia juu, nyuma ya sikio, palipo na maikrofoni, na nikiisogeza kidogo tu sauti inatoweka. Halafu mazoezi yote ni kwa Kijerumani. Yule mama huenda chumba cha pili, ananipigia, ananisomea ukurasa ambao nami ninao mkononi, nami nafuata kwa kidole. Nimefika hapo tu. Kikisii sijakisikia tangu homa ya uti wa mgongo iniondolee masikio nikiwa na miaka tisa, na kwenye simu kinanijia kama redio ya Baba ikitafuta stesheni.

Utauliza kwa nini sikusema. Aibu, Mama. Moraa alikuwa ameshanitumia picha yako umesimama kanisani siku ya Sabato, umejifunga kitambaa cheupe, unatoa shukrani kwamba Nyaboke sasa anaongea kwa simu kama watu wengine. Kanisa zima lilikuwa limefunga na kuniombea. Nianzie wapi kukuambia kwamba shukrani zimetangulia? Nikafanya kama nilivyozoea tangu shule, na kama wafanyavyo viziwi wote ninaowajua: ukichoka kuuliza "umesemaje?", unatabasamu na kukubali. Sauti yako ikishuka, nasema "ee". Ikipanda mwishoni, najua umeuliza kitu, nasema "sawa Mama, ni vizuri". Hata nilicheka kidogo mahali, ili ujue bado nipo. Kuna swali uliuliza mara mbili, polepole. Mara zote mbili nikasema sawa. Kisha ukanyamaza. Nikadhani laini imekatika, nikakuambia Mungu akubariki, nikakata. Na nilijisifu! Nilienda kazini nikamwambia Kerubo, "Leo nimeongea na mama yangu dakika kumi nzima."

Ijumaa Moraa akaniandikia. Kwamba umeikataa tarehe ya upasuaji. Kwamba daktari wa Kisii alikueleza kuwa kuutoa uvimbe huo kunaweza kugusa sauti, na wewe ukaona uniulize mimi, binti yako mkubwa: "Kwa kuwa wewe ndiyo kwanza umepata masikio, si afadhali nibaki na uvimbe wangu na sauti yangu, tuongee?" Na mimi nikasema sawa. Mara mbili. Nikacheka.

Niliusoma ujumbe ule nimesimama kati ya mashine za kufulia. Nikakaa juu ya kapu la mashuka machafu. Tangu hapo simu ikitetemeka mfukoni nadhani ni Moraa ananiambia uvimbe umekukaba, na gari halijapatikana. Tulijaribu kuongea kwa picha kwenye simu yake, lakini mtandao wa hapo ulikugandisha mdomo ukiwa wazi, nikapiga yowe hadi msimamizi akaja mbio. Nikakupigia ya kawaida, nikapaza sauti, "Nenda hospitali, Mama, nenda!" Ukajibu kitu kirefu, kirefu sana, na hadi leo sijui kama ulikubali au ulikataa. Moraa anasema ulimwambia, "Huyo anapiga kelele kwa sababu ninyi mmemtisha." Hakuna aliyenitisha ila mimi mwenyewe.

Daktari amesema atakupokea Jumatatu ukikubali. Kerubo anafika Ijumaa, kwa hiyo una Sabato moja ya kuwaza. Sitaki jibu kwa simu. Mwambie Moraa anitumie picha yako ukiwa kwenye geti la hospitali, hata ukiwa umenuna.

Nisalimie Baba, asikuachie chai ya kuchuma wiki hii. Msalimie kaka Omwenga na mawe yake ya kuchonga huko Tabaka, najua ndiye atakayekusindikiza. Msalimie Nyanya, na shemasi aliyeniombea, mwambieni aendelee, kazi haijaisha. Naye Moraa umwombe radhi kwa kumwita mwongo. Mwongo ni mimi.

Kama unachoogopa ni sauti, Mama, fikiria hili. Tangu miaka tisa sikuwa na sauti yako, na sikukukosa hata siku moja. Nilijua ukinigombeza, nilijua ukiniita kula, nilijua ukilia umeinamia majani ya chai ili nisikuone. Wakikupasua na sauti ikaondoka, nitakuja nyumbani nikae mbele yako, nikutazame mdomo kama tulivyozoea. Lakini ukikabwa huko, nitamtazama nani?

Mtoto wako ambaye hakusikia,
Nyaboke